Darasa Lisilolia

Miaka ile watu wa Mwanza walituita wapima hasira. Sisi wenyewe hatukujiita hivyo. Daktari wetu alipoulizwa kazi yetu ni nini, alisema tunawatambua mapema watoto ambao wakipandwa na hasira, hofu au huzuni hawajui njia ya kujituliza, ili wasaidiwe kabla hawajaitwa wakorofi na kuachishwa shule. Maelezo hayo yalikuwa marefu mno kwa wazazi wa mtaa wa Kirumba. Siku moja mama muuza samaki aliniona napita na mkoba wangu, akamwambia jirani yake kwamba yule ndiye mpima hasira, na jina likatuganda.

Mimi nilikuwa nesi. Nilizaliwa upande wa Majita, mkoani Mara, katika nyumba ya watu wa kanisa waliolima mihogo na kuvua kidogo. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika wodi ya wagonjwa wa akili, mpaka serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Daktari, ambaye nilikuwa nimemsaidia wodini, ndiye aliyenichukua kwenye mradi wake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wagonjwa wenye fujo walinyamaza ili wasikie anasema nini.

Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zikiwa zimefunguliwa kwa kila mtu. Viwanda vya samaki viliota ufukweni, minofu ya sangara ikapanda ndege, nasi tukabaki na vichwa na mifupa. Wanaume walihamia kwenye kambi za uvuvi visiwani na kukaa huko msimu mzima. Wanawake walifuata biashara ya dagaa. Watoto walibaki na bibi zao, na walimu wakaanza kuleta habari za watoto wanaouma wenzao, watoto wanaojifungia chooni, watoto wanaolia mpaka wanatapika kwa sababu ya kalamu iliyovunjika.

Tulikaa na mtoto mmoja mmoja na kumuuliza maswali. Ukikasirika mwili wako unakuwaje? Nani hukutuliza? Ukiota ndoto mbaya unafanya nini? Halafu kulikuwa na mchezo. Nilimpa mtoto maboksi matupu ya viberiti ajenge mnara, na mnara ulipokaribia kukamilika niligonga meza kwa goti kama bahati mbaya. Mnara ulianguka. Hapo nilitazama hasira yake inapanda kiasi gani na inashukaje. Watoto wa Kirumba walinipa kazi. Mmoja alilia, mwingine alicheka mpaka akapaliwa, mwingine alinitukana kwa lugha ya stendi kisha akaniomba nisimwambie mwalimu. Kila mmoja alinionyesha kitu.

Kisha nikapelekwa Ukerewe.

Nilipanda meli hadi Nansio, nikalala kwa mama mmoja wa kanisa, na asubuhi nikapakiwa kwenye baiskeli hadi kijiji ambacho sitakitaja. Shule ilikuwa juu ya miamba na chini yake kulikuwa na ghuba. Nilipofika nilitafuta maji nisiyaone. Magugu maji yalikuwa yameingia ziwani miaka hiyo, na ghuba nzima ilikuwa kijani kibichi yenye maua ya zambarau, ungedhani ni shamba ambalo mtu analipalilia kila siku. Nilipokuwa bado nasalimiana na mwalimu mkuu upepo uligeuka, na shamba lote likaanza kuondoka, polepole, bila sauti, likiburuta mitumbwi iliyokuwa imenasa ndani yake. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Nilianza na darasa la nne. Mwalimu wake alikuwa kijana Msukuma wa Buhongwa, mchangamfu, aliyefika kisiwani na fimbo mpya kama walimu wengine. Aliniambia kwamba kwake nitapoteza muda. Darasa lake halikuwa na kesi. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyelia, hakuna aliyenuna. Fimbo ilikuwa juu ya kabati na buibui walikuwa wamejenga.

Sikumwamini, lakini wakati wa mapumziko nilisimama uwanjani nikaona. Mtoto mmoja aliteleza kwenye mwamba akiwa anakimbilia mpira, goti likachubuka mpaka nyama ikaonekana. Nilianza kumwendea. Aliinuka, akaingia darasani akichechemea, na mara akatoka na uso mkavu kabisa. Damu ilikuwa inateremka hadi kisiginoni. Akaomba apasiwe mpira.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo iliyopakana na darasa lile. Mtoto wa kwanza alijenga mnara, nikagonga meza, mnara ukaanguka. Nikaona pumzi ikimpanda na midomo ikianza kutetemeka, kama ilivyo kwa mtoto yeyote. Kisha akageuza kichwa kushoto, akatazama mahali fulani ukutani, chini kidogo ya usawa wa bega lake, na yote yakaisha. Hayakupungua taratibu. Yaliondoka usoni kwa mkupuo mmoja, kama maji ya beseni lililotoboka. Wa pili alifanya vilevile. Na wa tatu, palepale ukutani. Nikadhani kuna mjusi. Niliinuka nikapakagua, nikakuta chokaa inayobanduka na si kingine. Nikageuza meza ili watoto wauweke ukuta mgongoni. Aliyefuata, mnara wake ulipoanguka, aligeuka kitini mzima mzima, akapatazama pale, akarudi kunitazama mimi akiwa ametulia.

Yule aliyemfuata alikuwa binti mwenye mapengo ya mbele na macho ya udadisi, nikaona huyu labda atasema.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Nilikasirika."

"Na sasa?"

"Sina."

"Imekwenda wapi?"

Alishangaa kwamba mtu mzima hajui. "Nimempa anayepokea," akasema.

Nilidhani anazungumza habari za kanisani, lakini nilipomdadisi alifunga mdomo na hakuufungua tena.

Mchana, tukila viazi na mwalimu, nilimuuliza nani anakaa kwenye ukuta ule kwa upande wa darasani. Akasema ni mwanafunzi wake bora, binti yatima wa mama, anayelelewa na bibi yake. Akaongeza kwamba leo hajisikii vizuri. Kila nilipomchukua mtoto, baada ya muda binti huyo alilaza kichwa juu ya dawati ghafla, kama mtu aliyepigwa kisogoni, kisha akakiinua. Mwalimu alikuwa anafikiria kumpa dawa ya malaria. Niliacha kula.

Nikamwita baada ya chakula. Aliingia amevaa sweta ya shule yenye mikono mirefu, joto lote lile. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Maswali yote aliyajibu kwa adabu na kwa ufasaha. Mnara ulipoanguka hakutazama ukuta, hakutazama popote. Aliyaokota maboksi, akayapanga, akaniuliza kama nataka ajenge tena. Kwa vipimo vyetu hapakuwa na mtoto mzima kuliko yeye katika mkoa wote. Lakini macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayekaa jikoni kwenye moshi, na sweta ilipopanda niliona alama za meno mkononi. Yalikuwa meno yake mwenyewe. Nilimuuliza kama usiku analala.

"Nakaa," akajibu.

Nilimruhusu aende. Alipofika mlangoni alisimama, akarudi hatua chache.

"Nikupokee?" akaniuliza.

Kwetu mtoto aliyefunzwa vizuri huwaambia hivyo wakubwa anaowakuta njiani na mizigo. Nikamwambia asante, mkoba wangu ni mwepesi.

"Si mkoba," akasema, na akanishika mkono.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule, kabla ya mvua za masika. Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Msibani nilipika, nikahesabu mikeka, nikapokea wageni, na nilipopata nafasi ya kulia kilio kilikuwa kimepita na watu wametawanyika. Tangu hapo kulikuwa na kitu kimelala chini ya mbavu zangu, nami nilikuwa nimezoea kutembea nacho. Kiganja cha yule mtoto kilikuwa cha moto, na kile kitu kikasogea. Sijui namna nyingine ya kusema. Kilisogea kikaanza kuelekea begani, kama mtu anayeamka na kuufuata mlango. Nikauvuta mkono wangu kwa nguvu.

Alipepesuka, akashika ukuta. Alinitazama kwa mshangao usio na lawama.

"Wako mzito," akasema. Akarudi darasani.

Sikumaliza kazi siku hiyo. Jua lilipoanza kulegea nilikwenda kwa bibi yake, nyumba ya karibu na maji, ambako dagaa walikuwa wameanikwa kwenye nyavu chakavu. Bibi alizungumza Kikerewe, nami nikajibu kwa Kijita, na lugha hizi mbili zikasikilizana kama ndugu. Nilimwambia niliyoyaona. Hakukana. Alionekana kama mtu aliyekuwa akisubiri aulizwe.

Alinieleza kwamba mkwewe, mama wa binti, alipanda mtumbwi wa mizigo na wanawake wenzake kupeleka dagaa Mwanza. Upepo uliwapata walipotoka tu kwenye ghuba. Watu walisimama pale ufukweni wakiona, na waliposukuma mitumbwi kwenda kuokoa, magugu yakaja yakaufunga mlango wa ghuba. Hakuna mtumbwi uliopita. Magugu yalipoondoka maji yalikuwa matupu, na hakuna mwili uliopatikana hata mmoja. Wanawake walijitupa chini wakalia. Mtoto, wakati huo bado hajaanza shule, alimwendea mmoja akamshika mkono, yule mama akanyamaza. Akaenda kwa mwingine, naye akanyamaza. Alizunguka ufukwe wote hivyo mpaka ukawa kimya. Watu walimshukuru Mungu kwa mtoto huyo.

"Na yeye nani alimshika?" nikauliza.

Bibi aligeuza dagaa kwenye wavu. "Hakulia," akasema. "Hakuuliza mama yuko wapi. Mpaka leo hajauliza."

Tangu siku ile watu walikuja. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, mzee aliyeibiwa nyavu, watoto waliochapwa. Hakuna aliyeona anafanya vibaya, kwa kuwa mtoto mwenyewe ndiye aliyeuliza, nikupokee? Hata bibi alimpa mzigo wake. Alilisema hilo akitazama dagaa, si mimi.

Kisha akaniongoza nyuma ya nyumba, tukashuka mpaka mahali ambapo magugu yalikuwa yanagusa mchanga. Binti alikuwa ndani yake. Alisimama amezama hadi kiunoni, mbali na nchi kavu kiasi kwamba sura yake haikuonekana vizuri, mikono ikiwa chini ya maji. Hapakuwa na upepo. Ghuba nzima ilikuwa imetulia kama meza. Lakini kumzunguka yeye majani yalikuwa yanakwenda, mduara mpana uliokuwa ukizunguka taratibu sana, na maua yalipomfikia karibu yalizama, moja baada ya jingine, yakaibukia nyuma yake.

Niliuliza kuhusu mamba, maana kila mtu alijua wanajificha humo.

"Upande huu walihama alipoanza kuingia," bibi akasema. "Hapo anamwaga. Zamani alikuwa anatoka mwepesi, anakula, analala. Siku hizi anatoka kama alivyoingia."

Nilirudi Mwanza kwa meli iliyofuata na nikamweleza daktari kila kitu, hata habari ya mkono wangu. Nilitegemea aniambie nimechoka, nipumzike. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama binti huyo nimempima. Nikasema nimempima, na ametulia kuliko wote. Aligeuza kalamu mkononi. Akasema hapo ndipo anapoiona kasoro ya kazi yetu, kwamba maswali yote tuliyoyaandaa yanamnasa mtoto anayemwaga, na hakuna hata moja linalomnasa anayemwagiwa. Nilimuuliza kama anaamini. Akasema kuamini kwake hakuna uzito. Watoto wale wanaamini wametoa, basi wanaweza kuamini wamerudishiwa, na hicho ndicho tutakachofanya.

Tulikwenda pamoja. Mgumu alikuwa mwalimu wa darasa. Alituambia bila kuficha kwamba tunataka kumharibia darasa, darasa pekee kisiwani ambalo mtu anaweza kufundisha hesabu bila kupaza sauti. Daktari alimwomba aende mwenyewe akapandishe mikono ya ile sweta ya mwanafunzi wake bora, atazame. Alikwenda, akarudi, akakaa chini. Hakubisha tena. Bibi naye aliulizwa, akasema anakubali, ila ifanyike mchana na milango yote ikiwa wazi. Akina mama wa watoto waliambiwa wawe karibu. Wengine walicheka wakaenda shambani.

Kesho yake mchana binti alikaa mbele ya darasa kwenye kiti cha mwalimu, bibi nyuma yake amemshika mabega. Daktari aliwaambia watoto, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba rafiki yao amechoka, na kwamba mzigo wa mtu hata ukiwa mzito humjua mwenyewe. Kila mmoja aje achukue wake. Wasiogope, wakubwa wapo.

Hakuna aliyeinuka. Nje jogoo aliwika akanyamaza. Kisha yule binti mwenye mapengo akatoka kwenye dawati lake, akaenda mbele, akamshika mkono rafiki yake.

"Nipe wangu," akasema.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha uso ukamkunjamana, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilinisimamisha nywele, kwa sababu haikuwa kilio cha siku hiyo. Ilikuwa na siku nyingi ndani yake. Alilia kama mtoto mdogo, halafu kama mtoto mkubwa, halafu kwa hasira, akipiga mguu chini. Mwalimu alimchukua akampakata. Wa pili akaja, na wa tatu. Yule wa mpira alishika mkono, akainama, akalishika goti lake ambalo lilikuwa limekwisha kupona, akapiga yowe kama aliyeanguka wakati huo. Muda si mrefu darasa lote lilikuwa linalia, na kelele zile zikatoka milangoni zikateremka miambani hadi ufukweni.

Watu walikuja mbio wakidhani paa limewaangukia watoto. Waliingia na majembe mikononi. Wanaume wachache walianza kutishia, wakiuliza tumewaletea watoto wao dawa gani. Lakini mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yao alimwona binti kitini akaelewa. Alikwenda akapiga magoti, akamshika mkono, akasema yale maneno. Alikuwa amempoteza dada yake katika mtumbwi ule. Nyuma yake wakaja wengine. Nikawaona wakibebana kwenda nje, na kule nje, kwenye uwanja wa mpira, walilia kile kilio walichopaswa kulia miaka ile ufukweni. Mimi nilikuwa nimesimama barazani. Sikuwa nimempa kitu, nilikuwa na wangu wote, na hapo ndipo ulipotoka. Mwanamke nisiyemjua alinikumbatia bila kuniuliza namlilia nani.

Tuliporudi ndani binti alikuwa amelala. Alilala kitini, kichwa tumboni kwa bibi yake, kinywa wazi, akikoroma kidogo, kelele zote zile zikiwa juu yake. Walimbeba hivyo hivyo hadi nyumbani. Alilala siku hiyo na usiku wake, na asubuhi hakuamka. Bibi alikaa akimsogezea kiganja puani kuhakikisha anapumua. Aliamka jua likiwa utosini, akatazama chumba, akauliza mama yuko wapi.

Bibi alimwambia. Sikuwepo ndani, nilikuwa mlangoni na uji, nikasikia. Kisha ikaja sauti ya kilio chake mwenyewe, ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuisikia. Niliweka uji chini nikaondoka, kwa kuwa mambo yale hayakuwa yangu.

Nilirudi kijijini mara kadhaa kabla mradi haujafungwa. Darasa la nne lilikuwa limekuwa darasa kama mengine. Walipigana, walinuna, walisingiziana. Mwalimu alilalamika kwamba mwanafunzi wake bora amempasulia mwenzake ubao wa kuandikia kichwani, na alilalamika huku anacheka. Binti alinenepa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anabishana na bibi yake juu ya nani atakwenda kuchota maji, na wote wawili walikuwa wanafurahia. Magugu yalikuja na kuondoka kama kawaida. Hakuingia humo tena. Bibi alisema mamba wamerudi, na kwamba watoto wote sasa wanakatazwa kuoga upande ule.

Katika maswali yetu tuliongeza moja, la kumuuliza mtoto ni watu gani humwendea wao wanapohuzunika. Lilitusaidia kuwapata watoto wengi tuliokuwa tumewaruka, wasichana hasa, wale wanaosifiwa.

Lakini kuna jambo lililotokea kwenye meli tulipokuwa tunarudi kutoka Nansio mara ile na daktari. Tulikaa sitaha ya juu. Alikuwa ametulia sana, nikadhani ni uchovu. Akaniambia kwamba asubuhi tulipofika, nilipokuwa nazungumza na mwalimu mkuu, yule mtoto alimjia akamuuliza kama ampokee, na yeye akajibu ndiyo kabla hajafikiri, kwa kuwa alikuwa ameshika begi la dawa.

Nilijua alichokuwa nacho. Ofisi nzima ilijua. Mwanawe wa kiume alifariki ghafla akiwa karibu kumaliza sekondari, na daktari aliweza kuacha sentensi katikati akisikia kijana fulani anacheka barabarani. Nikamuuliza kama aliuchukua wake, kule darasani, pamoja na wengine.

"Nilikuwa nasimamia," akasema. "Walipokwisha alikuwa amelala."

Wiki chache baadaye alirudi Ukerewe peke yake. Alinisimulia mwenyewe, kwa utulivu. Alimkuta binti anacheza mpira wa rede na wenzake, akamwomba. Binti alimshika mkono kwa adabu, akasubiri, akatikisa kichwa. Akamwambia hana tena, labda ulibaki majini.

Aliendelea kuwa daktari mzuri. Hakuna mgonjwa aliyelalamika. Ila aliacha kusita barabarani. Alimtaja mwanawe kama mtu anavyotaja mahali alipowahi kufanya kazi, na watoto walipolia mbele yake aliwatazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka neno.

Siku moja mkewe alikuja ofisini wakati yeye hayupo. Tulisalimiana, nikampa kiti. Alikuwa ametoka kwenye misa ya kumbukumbu ya mtoto wao. Alisema mumewe alipanga viti, akawapokea wageni, akawasindikiza, akala chakula chake chote. Aliyasema hayo bila haraka, akikunja na kukunjua leso. Kisha akaniuliza kule kisiwani tulimfanya nini mume wake, maana tangu arudi hajamkasirikia hata mara moja.

Niliinuka. Nilimwekea chai, nikavuta kiti changu karibu na chake, na alipoanza kulia sikumshika mkono. Nilikaa naye tu mpaka akamaliza.